Watoto waliopotea kwenye hesabu: kisa cha fedha za Title I katika shule moja ya msingi Marekani

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wazazi, wakalimani, walimu na viongozi wa jumuiya zetu walioko Marekani. Wengi wamesikia mara nyingi kwamba watoto wao wanasoma "shule ya Title I", yaani shule inayopata fedha za nyongeza za serikali ya shirikisho kwa ajili ya watoto maskini, wakaitikia kwa kichwa, na jambo likaishia hapo. Majina ya shule, jiji, jimbo na watu yameondolewa, na mambo machache ya pembeni yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nilikuwa mkalimani katika baadhi ya vikao vinavyoelezwa hapa.

## Shule na watu wake

Ni shule ya msingi ya serikali, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, yenye wanafunzi wapatao 400, katika jiji la wastani la Magharibi ya Kati. Zamani mtaa huo ulikuwa wa wafanyakazi wa reli. Siku hizi ni mtaa wa watu wa kiwanda cha nyama na maghala. Wanafunzi ni Wamarekani Weusi, watoto wa familia zinazozungumza Kihispania, Wazungu wachache wa kipato cha chini, na kundi lililokuwa likikua kila mwaka: watoto wa Kikongo waliozaliwa au kukulia katika kambi za Nyarugusu kule Kigoma, au Kyangwali na Nakivale kule Uganda. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 Kongo iliongoza nchi zote kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 18,000 kati ya 60,000 hivi, kwa hiyo shule za namna hii si chache.

Kiswahili ndiyo lugha iliyowaunganisha Wakongo hao, ingawa nyumbani wengine husema Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Baba na mama hupishana shifti: mmoja anatoka kiwandani alfajiri wakati mwenzake anafunga viatu. Watoto watano au sita kwa familia ni jambo la kawaida.

## Fedha zinavyosafiri

Title I ni fungu la sheria ya elimu aliyoisaini Rais Lyndon B. Johnson tarehe 11 Aprili 1965, kama sehemu ya kile alichokiita vita dhidi ya umaskini. Johnson mwenyewe aliwahi kufundisha, mwaka 1928, watoto maskini wa asili ya Meksiko katika mji wa Cotulla, Texas, waliokuja darasani bila kujua Kiingereza. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na toleo linalotumika sasa lilisainiwa Desemba 2015. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 fungu hilo lilikuwa na dola bilioni 18.4. Ukisikia bilioni unadhani shule zinaogelea kwenye pesa. Ila zikigawiwa watoto wapatao milioni 25 wanaoguswa nazo, kila mmoja anapata dola mia saba na kitu kwa mwaka. Gharama kubwa ya elimu Marekani hubebwa na majimbo na kodi za nyumba za mahali husika, na serikali ya shirikisho huongezea tu.

Msomaji wa Tanzania anaijua ruzuku ya uendeshaji inayotolewa kwa kila mwanafunzi wa msingi, shilingi 10,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa kuli. Title I haifanyi hivyo. Inahesabu maskini.

Na inawahesabu mara mbili, kwa vipimo viwili tofauti. Wazazi wengi hawalijui hilo, hata walimu wengi. Kutoka Washington hadi wilaya ya elimu, hesabu inategemea makadirio ya Idara ya Sensa kuhusu watoto wa miaka 5 hadi 17 walio chini ya mstari wa umaskini. Fomu ya mzazi haina nguvu hapo. Wilaya ikishapata fungu lake kupitia jimbo, inazipanga shule zake kuanzia iliyo maskini zaidi kushuka chini, na kwa upangaji huo wilaya nyingi hutumia takwimu za chakula cha mchana. Shule ambazo watoto maskini wamepita asilimia 75 lazima zihudumiwe kwanza. Shule iliyofika asilimia 40 inaruhusiwa kutumia fedha hizo kwa mpango wa shule nzima badala ya kuwachagua watoto mmoja mmoja. Wilaya pia inaweza kutoa kiwango kikubwa zaidi kwa kila mtoto maskini katika shule za juu kwenye orodha, na kidogo kwa zinazofuata.

Sharti jingine la kukumbuka ni kwamba fedha hizi ni nyongeza. Wilaya hairuhusiwi kuipunguzia shule fedha zake za kawaida kwa sababu tu shule hiyo inapata Title I.

## Asilimia inashuka, umaskini uko palepale

Zamani kila Agosti mzazi alijaza fomu ya chakula. Kipato kikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini mtoto alikula bure, kikiwa chini ya asilimia 185 alilipa kidogo. Wakati wa janga la Korona watoto wote nchini waliruhusiwa kula bure hadi katikati ya 2022, na fomu zikasahaulika. Msimu wa masomo ulioanza 2022, wilaya hii ikajiunga na utaratibu wa shirikisho unaoruhusu shule zenye umaskini mkubwa kuwalisha wote bila kuuliza kipato cha mtu. Ni jambo jema, hakuna ubishi. Mtoto haoni haya kwenye foleni, na karani wa jikoni hafukuzani na madeni ya dola mbili.

Lakini fomu ilipokufa, hesabu ya umaskini ilihamia kwenye kompyuta. Orodha ya wanafunzi hulinganishwa na orodha ya watu wanaopata SNAP, yaani kadi ya chakula, pamoja na orodha za misaada mingine, watoto walio chini ya malezi ya serikali na wasio na makazi. Anayeonekana kwenye orodha hizo ndiye "aliyetambuliwa". Idadi hiyo huzidishwa kwa 1.6 ili kukadiria wale ambao fomu ingewanasa. Tuchukue shule ya watoto 400: wakitambuliwa 170, hiyo ni asilimia 42.5, na ukizidisha kwa 1.6 unapata 68. Wakitambuliwa 190 inakuwa asilimia 76. Watoto ishirini tu, familia sita au saba za kwetu, wanaitenganisha shule ya kundi la juu na ya kundi linalofuata.

Ndicho kilichotokea. Katika majira ya kuchipua ya 2023 shule iliteremka chini ya asilimia 75. Mwalimu mkuu alipopokea mgao wa 2023/24 alikuta kiwango kwa kila mtoto kimepungua na idadi ya watoto wanaohesabiwa imepungua pia. Walimu wasaidizi wawili waliokuwa wakikaa na chekechea na darasa la kwanza hawakuongezewa mkataba. Yeyote aliyepita korido za shule ile angekuambia kwamba umaskini ulikuwa umezidi.

## Uamuzi wa kwanza: leseni na vishikwambi

Agosti 2023 uongozi wa shule ulikaa na kilichobaki. Kulikuwa na hoja tatu. Walimu wa darasa la pili walitaka mwalimu mmoja zaidi ili madarasa yapungue. Mwalimu wa usomaji, aliyelipwa na fedha za dharura za Korona na ambaye mkataba wake ulikuwa na mwisho, alitaka msaidizi wa vikundi vidogo. Ofisi ya wilaya ilipendekeza programu ya kusomea kwenye vishikwambi, leseni kwa kila mtoto.

Walichagua programu, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Fedha zilizobaki zisingetosha mshahara kamili na marupurupu ya mwalimu. Kupunguza darasa kutoka watoto 25 hadi 22 kusingeleta mengi: utafiti maarufu wa Tennessee wa miaka ya 1980 ulipata faida kwa madarasa yaliyoshushwa hadi watoto kati ya 13 na 17, na hapa hakuna aliyekuwa na fedha za kushuka hadi huko. Programu ilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyokwisha kuidhinishwa. Tena wilaya ilikuwa na wasiwasi wa fedha kubaki, maana kwa kawaida sheria hairuhusu wilaya kuvusha zaidi ya asilimia 15 ya mgao wake kwenda mwaka unaofuata. Leseni hununuliwa kwa siku moja. Kumpata mtu, kumhoji, kumpima alama za vidole na kumweka kazini huchukua miezi.

Mkutano wa mwaka wa wazazi wa Title I, ambao ni wa lazima kisheria, ulifanyika Septemba saa kumi na mbili jioni. Barua ilitumwa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwemo. Mzazi mmoja tu wa Kikongo alifika, tena alikuja kumchukua mtoto.

## Msichana wa darasa la tatu

Januari 2024 mwalimu wa usomaji aliona jambo kwenye ripoti za programu. Watoto kadhaa waliofika karibuni walikuwa wanamaliza masomo kwa kasi ya ajabu na kubaki ngazi ileile ya chekechea. Akakaa nyuma ya mmoja wao, msichana wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amegundua kwamba picha ya jibu sahihi hutikisika kidogo ukisubiri. Anasubiri, inatikisika, anabofya. Hakuna alichokuwa anasoma.

Mwalimu akazima kishikwambi, akafungua kitabu chembamba, akaniomba nikae naye. Msichana akasoma sentensi nzima kwa sauti, bila kusita: "home" akaitamka ho-me, "make" akaitamka ma-ke, "name" akaitamka na-me. Nikamwandikia kwenye karatasi sentensi mbili za Kiswahili kuhusu mama anayeenda sokoni. Alizisoma mara moja, kisha akaniuliza kwa nini mama hakununua dagaa.

Mtoto huyu alikuwa msomaji. Alifundishwa silabi, ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa wengi wetu, na alikuwa anazitumia kwa uaminifu kwenye lugha ambayo haizifuati. Programu ilimweka na wasiojua herufi. Mezani pale walikuwepo pia watoto wengine wawili wa rika lake ambao kweli hawakuwahi kukaa darasani, na programu iliwapa somo lilelile. Mtu aliyekaa nao dakika ishirini alijua tofauti, na ndipo ikaanza kuulizwa fedha za mwaka ujao zitatoka wapi, maana mwalimu huyu aliyeona alikuwa analipwa na fungu ambalo lazima liwe limeingiwa mikataba kabla ya 30 Septemba 2024, baada ya hapo hakuna.

## Februari na Machi: kuwatafuta waliopotea

Mwalimu mkuu alikwenda wilayani kuomba shule yake ipimwe kwa fomu ya kipato badala ya orodha za kompyuta. Akakataliwa, na kisheria walikuwa sawa: wilaya lazima itumie kipimo kilekile kwa shule zake zote inapozipanga. Karani wa ofisi ya chakula ndiye aliyempa njia. Kipimo hakibadiliki, alisema, lakini hakuna anayekuzuia kuhakikisha kila anayestahili kutambuliwa ametambuliwa kabla ya 1 Aprili, siku ambayo hesabu hufungwa.

Kazi ikamwangukia mama mmoja wa Kikongo, nimwite Mama Neema, aliyekuwa akiitwa shuleni kukalimani kwa saa. Orodha za chakula ni siri, kwa hiyo hakuonyeshwa majina ya nani yumo na nani hayumo. Yeye alizungumza na familia, zilizoridhia zikamletea karani barua zao, karani akalinganisha mwenyewe.

Matatizo yaliyojitokeza yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililohusu uvivu wa wazazi.

La kwanza lilikuwa majina. Kwa Wakongo wengi kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano tofauti ya mwisho. Mtoto mmoja wa familia inayopata SNAP akitambuliwa, wote wa kaya hiyo wanastahili, ila mfumo uliwatafuta ndugu kwa jina la ukoo, na ukoo haukuonekana. Wengine jina la kwanza na la mwisho yalikuwa yamegeuzwa kati ya hati za uhamiaji na fomu ya kuandikishwa shule. Wengine walipewa 1 Januari kama tarehe ya kuzaliwa kambini, kisha mzazi akaandika tarehe ya kweli shuleni. Karani alipokaa na hati mbili mkononi, familia moja baada ya nyingine ikapatikana. Walikuwepo muda wote.

La pili lilikuwa hofu. Ilienea sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwamba ukitumia kadi ya chakula utanyimwa kadi ya ukaazi. Kwa wakimbizi si kweli; sheria inawaondoa kabisa kwenye kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali. Barua ya shule ya kukanusha isingesaidia kitu. Mama Neema aliongea na mwanasheria wa shirika lililowapokea, kisha akarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili na kuutuma kwenye kundi lilelile.

La tatu lilikuwa gumu zaidi. Sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inamhesabu mtoto kuwa hana makazi hata kama analala chini ya paa, endapo familia imelazimika kubanana kwa watu wengine kwa sababu ya kupoteza nyumba au kukosa uwezo. Familia kadhaa zilikuwa zimehama kutoka majimbo mengine kufuata kazi ya kiwanda, zikafikia kwa ndugu, na miezi ikapita: watu kumi na mmoja, vyumba viwili. Fomu ya shule iliuliza kama wana makazi. Wote walijibu ndiyo. Baba mmoja alikasirika alipoulizwa tena: "Mama, sisi tuko na nyumba. Tuko kwa mukubwa wangu." Na kwa mila zetu alikuwa sahihi, kwani mtu aliye kwa kaka yake yuko nyumbani. Mama Neema akabadilisha swali. Akaacha neno makazi, akawa anauliza, "Mliingia hapa kwa kupenda, ama mulikosa ya kulipa kwengine? Mukipata pesa kesho, mutabaki?" Majibu yakabadilika. Majina yalikwenda kwa mratibu wa wilaya, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuamua. Aliwakubali wengi na kuwakataa wachache waliokuwa wanaishi pamoja kwa hiari, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Waliokubaliwa walipata na zaidi ya hesabu: usafiri wa kuendelea kwenye shule ileile hata wakihama, na haki ya kuandikishwa bila kusubiri vyeti.

Hesabu ilipofungwa, watoto zaidi ya ishirini walikuwa wameongezeka. Shule ikapanda tena juu ya asilimia 75.

## Uamuzi wa pili: nani alipe nini

Aprili 2024, safari hii wazazi wakiwamo, kikao cha mpango wa mwaka ujao kilifanyika mara mbili: saa tatu asubuhi kwa wa shifti ya usiku, na Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Sheria inaruhusu fedha za Title I kulipia usafiri na uangalizi wa watoto wakati wa vikao vya namna hii, na shule ilitumia ruhusa hiyo. Mwalimu mkuu aliweka bajeti ukutani na kuuliza lipi liachwe. Mzazi mmoja akauliza swali lililozima mjadala wa leseni: "Hiyo mashini, mtoto akikosea, nani anamwambia kwa nini?"

Leseni zikaachwa, isipokuwa chache. Fungu likamchukua mwalimu wa usomaji aliyekuwa anapoteza fedha za dharura, kwa vikundi vya watoto watatu au wanne, nusu saa, siku nne kwa wiki.

Shule ilitaka pia kumwajiri Mama Neema kama mwalimu msaidizi kwa fedha hizohizo. Wasaidizi wa kufundisha katika shule hizi wanatakiwa wawe na miaka miwili ya chuo au wafaulu mtihani. Mkalimani, au mtu wa kazi za wazazi pekee, amesamehewa hilo, ila bado anahitaji cheti cha sekondari. Chake kilibaki Kivu Kusini, na shule aliyosoma haipo tena. Ofisi ya ajira haikulegea.

Hapo ndipo mhasibu wa wilaya, mtu asiyesema sana, aliuliza kwa nini mkalimani alipwe na Title I hata kidogo. Kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa ni wajibu wa wilaya chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule iwe inapata Title I au haipati. Kuulipia kwa fungu la nyongeza ni kumpunguzia mtoto sehemu yake ili kutimiza deni la wilaya. Mama Neema akaingia mkataba wa saa wa wilaya, na fungu la shule likabaki zima kwa vikundi vya kusoma. Yeye mwenyewe akaanza masomo ya jioni ya kupata cheti cha sekondari.

## Matokeo hadi Mei 2025

Watoto wa chekechea hadi la pili walisogea vizuri kwenye vipimo vya shule vya kusoma. Kundi la wale waliojua kusoma Kiswahili lilipiga hatua kubwa kuliko wote mara tu walipofundishwa waziwazi wapi Kiingereza kinaachana na silabi zao. Msichana yule alihitimu kutoka kwenye vikundi kabla ya Krismasi.

Watoto wa darasa la nne na la tano waliokosa miaka ya shule walibaki nyuma sana. Nusu saa haikuwatosha, na mwalimu mmoja hakuwafikia wote. Matokeo ya mtihani wa jimbo yalisogea kidogo mno kiasi kwamba gazeti la mji halikuona cha kuandika. Vikao vya wazazi vilijaa.

Mama Neema aliondoka Machi 2025. Ghala moja lilimpa mshahara mkubwa kuliko saa za ukalimani, pamoja na bima ya afya. Aliyemrithi hajui Kiswahili cha Kongo vizuri na hayumo kwenye kundi la kanisa.

## Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husifu vikundi vya kusoma. Kwangu, kazi kubwa ilifanyika mezani kwa karani wa chakula. Bila ile meza kusingekuwa na mshahara wa mwalimu. Wilaya iliyohamia kwenye chakula cha bure kwa wote ilipaswa kujua siku ileile kwamba imehamisha pia mizani ya Title I, na kwamba familia zenye majina yasiyofuata desturi ya Kimarekani zingedondoka. Hakuna aliyezidondosha kwa makusudi. Mfumo ulijengwa na watu ambao ndugu zao wote wana jina moja la mwisho.

Uamuzi wa leseni ulishindwa kwa sababu ulijibu tatizo la mhasibu, la namna ya kutumia fedha kwa wakati, wakati tatizo la darasa lilikuwa kujua mtoto huyu anajua nini. Shule kwa mpango wa shule nzima inatakiwa kufanya tathmini ya mahitaji kabla ya kupanga. Tathmini ya 2023 ilifanyika, ipo kwenye faili, na ina michoro mizuri ya asilimia. Haikuwa na mtoto hata mmoja aliyeulizwa asome.

Kutenganisha wajibu wa wilaya na nyongeza ya shirikisho ndio uamuzi ninaoushauri zaidi kwa wengine. Mzazi akisikia kwamba mkalimani, barua zilizotafsiriwa au mwalimu wa lazima wa wanaojifunza Kiingereza "wamelipwa na Title I", ana haki ya kuuliza kwa upole: hicho wilaya haikutakiwa kukitoa hata hivyo?

Kuna upande ambao sherehe ya Mei 2024, ya kufurahia shule kupanda tena, haikuutaja. Fungu la wilaya halikuongezeka kwa senti moja, kwa kuwa hilo linatokana na sensa. Shule hii ilipopanda na kuvuta kiwango kikubwa zaidi, zilizo chini yake kwenye orodha zikagawana kilichobaki. Ipo moja, maili tatu kutoka hapo, yenye Wakongo pia na isiyo na Mama Neema wala karani wa namna ile. Niliwauliza wilayani kama kazi ya kulinganisha majina ingefanywa kwa shule zote. Walisema wazo ni zuri. Kazi hiyo ni ya wilaya, na ikiachiwa juhudi za shule mojamoja, itazidi kuwapa walio na watu hodari na kuwapunguzia wasio nao.

Udhaifu mwingine ni kwamba kila kitu kilining'inia kwa mtu mmoja wa mkataba wa saa. Nafasi yake ilikuwa na maana kuliko vishikwambi vyote, na ndiyo pekee iliyokosa bima.

Halafu mambo yamebadilika tena. Sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawana ukaazi wa kudumu. Maana yake kwa shule ya namna hii ni rahisi kuikokotoa: familia zinazofika zikiwa maskini kuliko zote hazitaonekana kwenye orodha kubwa inayotumika kuwahesabu maskini. Zinabaki njia za McKinney-Vento na, katika majimbo yaliyojiunga nayo, orodha za bima ya afya ya Medicaid. Mzazi anayepata ukaazi wake anapaswa kupeleka taarifa ofisi ya SNAP mara moja, bila kusubiri muda wa kuhuisha. Na jina la kila mtoto kwenye hati hiyo mpya lilinganishwe na lile lililoandikwa shuleni, herufi kwa herufi, kabla ya Machi kwisha.